Mgeni Anayejipandishia Bei: Unafuu wa Pwani ya Albania Unatoka Wapi

Mama mwenye nyumba aliandika 30,000 kwenye kipande cha karatasi, akanigeuzia nisome. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, mjini Sarandë, katika mtaa wa tatu ukipanda mlima kutoka baharini, na chumba alichonionyesha kilikuwa na kitanda, feni na kibaraza kilichotazama mapaa ya majirani na, nyuma yake, kisiwa cha Corfu cha Ugiriki. Nilipiga hesabu ya haraka nikapata kama euro 300 kwa usiku mmoja, nikainama kuchukua mkoba wangu niage. Yeye akacheka, akashika kalamu na kukata sifuri moja. Albania ilibadilisha fedha yake mwaka 1965, leki kumi za zamani zikawa leki moja mpya, lakini hadi leo watu wengi, hata waliozaliwa miongo kadhaa baadaye, hutaja bei kwa hesabu ya zamani kana kwamba mabadiliko yale yamefanyika juzi. Chumba kilikuwa leki 3,000, yaani karibu euro 30. Tulikuwa tukizungumza Kiitaliano: yeye alikiokota kwenye televisheni ya ng'ambo iliyokuwa ikinaswa huku enzi za ukomunisti, mimi nilikipata kwenye kibarua nilichofanya Bari, mji wa Italia ambao kila jioni hupakia feri ya kwenda Durrës, bandari ya Albania.

Nimekieleza kisa hicho kwa sababu kinagusa jambo ambalo waandishi wa safari hulipita haraka. Kila mwaka hutolewa orodha za miji ya pwani ya kusini mwa Ulaya ambako mtu wa kipato cha kawaida anaweza kupumzika, na kwa miaka kadhaa sasa Sarandë, Ksamil, Himarë na Vlorë hazikosi humo. Unafuu huo husimuliwa kana kwamba ni sifa ya mahali, kama rangi ya maji au joto la jua. Kwa maoni yangu si sifa ya mahali hata kidogo. Ni matokeo ya historia fulani, ya sheria fulani ya ardhi na ya thamani ya sarafu kwa wakati fulani, na mmoja wa wanaoumaliza kwa kasi kubwa ni mgeni yule yule aliyeufuata.

Tuanze na historia, maana bila hiyo ramani ya bei haisomeki. Kwa zaidi ya miaka 40, chini ya mtawala wa kikomunisti Enver Hoxha na mrithi wake, pwani ya kusini ya Albania ilikuwa mpaka wa kijeshi kabla ya kuwa ufukwe. Kati ya Ksamil na Corfu ni kilomita chache tu za maji, na wapo waliojaribu kuzivuka kwa kuogelea usiku, wengine wakafa njiani. Serikali ilijaza nchi nzima ngome ndogo za zege zenye umbo la uyoga, ambazo idadi yake hukadiriwa kuwa zaidi ya 170,000, na hadi leo mtu anayeoga huko anaweza kutandika taulo lake hatua chache kutoka kwenye mojawapo. Ksamil yenyewe haikuwa mji wa wavuvi wa kale. Ni kijiji kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya mashamba ya michungwa na mizeituni. Wakati Uhispania, Italia na Ugiriki zikijenga hoteli kwa ajili ya Wajerumani na Waingereza, hapa palipandwa malimau na kuchimbwa mahandaki. Huko Porto Palermo, ghuba ya pwani hiyo hiyo, karibu na ngome ya Ali Pasha, mtawala wa enzi za Waturuki, bado kuna tundu kubwa lililochongwa mlimani ili nyambizi zijifiche.

Utawala huo ulipoanguka, kilichofuata hakikuwa utalii bali kukimbia. Agosti 1991 meli iitwayo Vlora iliondoka Durrës ikiwa imebeba watu wapatao 20,000, wengine wakining'inia kwenye kamba, ikatia nanga Bari. Wazee wa Bari wanaikumbuka siku hiyo kwa undani mno, na nilisimuliwa habari zake kabla hata sijajua Durrës iko upande gani. Mwaka 1997 zikaporomoka kampuni za upatu zilizokuwa zimemeza akiba za familia nyingi, na Vlorë ikawa kitovu cha maasi. Nchi ya namna hiyo haiwezi kuuza likizo kwa bei kubwa. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya unafuu wa Albania ni uchelewaji: ilifika sokoni baada ya majirani zake wote, na jina lake likiwa limechafuka.

Nusu ya pili ni ardhi. Sheria namba 7501 ya mwaka 1991 iligawa mashamba ya ushirika kwa familia zilizokuwa zikiyalima, huku familia zilizonyang'anywa ardhi hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia nazo zikidai chao. Katika vijiji vya Himarë, ambako wengi huzungumza Kigiriki nyumbani na wengi walihamia Ugiriki, kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wadai watatu, mmoja akiwa Athens. Mwekezaji mkubwa huogopa hati yenye mgogoro, na benki huiogopa zaidi yake. Matokeo yake ni kwamba kwa muda mrefu nafasi ya hoteli kubwa ilishikwa na familia: ghorofa ya pili ikajengwa kwa fedha iliyotumwa na kijana aliye Italia, ya tatu ikabaki nondo zikichungulia angani, na getini kikatundikwa kibao kilichoandikwa kwa mkono, "dhoma me qira", yaani vyumba vya kupanga. Mama anafua mashuka, binti anapokea wageni, baba anachoma samaki, na hakuna anayeandikiwa mshahara. Bei inayomfurahisha mgeni imekaa juu ya kazi hiyo isiyohesabiwa, na sioni vibaya kuikubali mradi tusiite muujiza.

Sasa tuje kwenye sarafu, ambako ndiko mzizi wa hoja yangu. Mwaka 2015 euro moja ilibadilishwa kwa leki zipatazo 140. Kufikia mwaka 2024 ilikuwa imeshuka hadi kwenye leki 100 na wakati mwingine chini ya hapo. Chukua chumba cha leki 4,200. Kwa kiwango cha kwanza kilikuwa euro 30. Kwa kiwango cha pili ni euro 42, na mwenye nyumba hajaongeza hata senti. Ni ongezeko la asilimia 40 lililoletwa na soko la fedha peke yake, kabla hujahesabu mfumuko wa bei wala tamaa ya mtu yeyote. Na leki imepata nguvu kwa nini? Benki Kuu ya Albania imekuwa ikitaja mapato ya utalii na uwekezaji wa kigeni miongoni mwa sababu kuu. Nchi ambayo sensa ya mwaka 2023 ilihesabu wakazi milioni 2.4 ilipokea wageni zaidi ya milioni 10 mwaka huo huo na zaidi ya milioni 11 mwaka uliofuata. Kila mmoja anakuja na euro zake, anazimwaga sokoni, euro zinazidi na leki inapanda. Mgeni aliyekuja kwa sababu ya unafuu anashiriki, kwa kila kikombe cha kahawa, kuuondoa unafuu huo kwa atakayekuja mwaka kesho.

Wenye nyumba hawakukaa kimya wakitazama hayo. Wengi waliokuwa wakitaja bei kwa euro waligundua kwamba euro ile ile inawapatia leki chache kuliko zamani, huku unga, umeme na fundi bomba wakilipwa kwa leki. Kwa hiyo wakapandisha bei ya euro. Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa maana ya kupangiwa bei ya chumba kwa sarafu ya mgeni ndani ya nchi yako mwenyewe, na kanuni za mwaka 2025 za Tanzania, zilizokataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, zinaonyesha kwamba jambo hilo si dogo. Tofauti ni kwamba huku kwetu sarafu ya kigeni ilikuwa kinga ya mwenye hoteli dhidi ya shilingi inayoshuka, ilhali kule Albania euro imegeuka kuwa upande unaopoteza.

Basi je, pwani hiyo bado ni nafuu? Jibu linategemea mwezi na umbali wa kutoka kwenye picha. Nasema picha kwa makusudi, kwa sababu Ksamil imeuzwa kwa picha moja: maji ya rangi ya feruzi, visiwa vinne vidogo vilivyo karibu kiasi cha kufikika kwa kuogelea, na mtu mmoja aliyeketi akitazama. Agosti mtu huyo hayuko peke yake. Mistari ya miavuli huanzia ukingoni mwa maji na kurudi nyuma hadi ukutani, anayetaka kutandika taulo lake bure hubakiwa na ukanda mwembamba wa kokoto, na vitanda viwili na mwavuli katika mstari wa mbele hufikia makumi ya euro kwa siku. Kisheria ufukwe ni wa umma, lakini sehemu zake hukodishwa kwa waendeshaji wa msimu, na mpaka kati ya eneo la kukodi na eneo la wote huwa na tabia ya kusogea usiku. Mgogoro huu si wa Albania pekee. Italia imebishana juu ya vibali vya fukwe tangu sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 juu ya ushindani katika huduma, na kiangazi cha mwaka 2023 wakazi wa kisiwa cha Paros huko Ugiriki waliandamana wakiwa na taulo mikononi kudai nafasi yao. Anayelipa bei ya Ksamil ya Agosti angeweza kuvuka hadi Corfu kwa boti ya kasi, takriban nusu saa, na pengine akatumia fedha pungufu.

Songa kaskazini na hali inabadilika. Borsh ina ufukwe wa kilomita zipatazo 7, wa kokoto, nyuma yake mizeituni mikubwa inayopanda hadi kwenye magofu ya ngome, na kwa urefu wake huo hakuna mwavuli unaoweza kuujaza. Qeparo ina vijiji viwili, cha juu cha mawe kilichobaki na wazee, na cha chini kando ya maji ambako watoto wao hupangisha vyumba. Himarë mjini kuna duka la mkate, kituo cha basi na maisha ya kawaida, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko mchanga laini. Sarandë yenyewe, ambayo wengi huidharau kwa maghorofa yake yaliyosongamana, ndiyo mahali pa kulala kwa bei ya chini, kwa sababu maghorofa hayo ni mengi mno na lazima yajazwe. Karibu na hapo, Butrint, mji wa kale wa Wagiriki na Warumi uliowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1992, unafikika kwa basi la kawaida la mjini, na kome wanaofugwa kwenye wangwa wake huuzwa katika mikahawa ya jirani.

Chakula ndicho kinachobaki cha chini mahali pote. Byrek, andazi la tabaka nyembamba lenye jibini, mchicha au nyama, hununuliwa dirishani asubuhi likiwa bado linatoa mvuke, na kwa sarafu chache umepata kiamsha kinywa. Wenyeji hulila wamesimama. Nilipomwuliza muuzaji iwapo ana mahali pa kukaa, alinyoosha kidole kuelekea bahari nzima.

Mwezi ni jambo la pili, na hapa hesabu ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya hali ya hewa. Agosti haigharimu kwa sababu ya jua. Maji ya bahari hubaki na joto hadi Oktoba. Agosti inagharimu kwa sababu ndipo Waalbania walioko Italia, Ugiriki na Ujerumani wanaporudi nyumbani, Wakosovo nao wanashuka kwa barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 2009, na Waitaliano wanafunga ofisi zao. Wote hao wanataka wiki mbili zile zile. Chumba changu cha leki 3,000, kwa maneno ya mama mwenyewe, hupanda hadi zaidi ya mara mbili ya hapo katikati ya Agosti, na hakioshwi vizuri zaidi.

Jambo la tatu, ambalo nadhani ndilo litakaloamua yote, ni barabara. Kwa vizazi, kutoka Vlorë kwenda kusini kulimaanisha kupanda Llogara, njia ya mlimani inayofikia zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, kisha kuteremka kwa kona ambazo abiria wa furgon huzihesabu kwa tumbo. Furgon ni ile ile daladala au matatu unayoijua: basi dogo, bendera ya timu kwenye kioo, hakuna ratiba, linaondoka likijaa. Mlima huo ulikuwa ukuta wa bei. Kiangazi cha mwaka 2024 lilifunguliwa handaki la karibu kilomita 6 chini yake, na safari iliyochukua zaidi ya nusu saa ya wasiwasi ikawa dakika chache. Kwenye viunga vya Vlorë umejengwa uwanja wa ndege, kando ya eneo la hifadhi la Vjosa na Narta ambako ndege wanaohama hupumzika, na watetezi wa mazingira wameupinga tangu mwanzo. Tirana, mji mkuu, nako mashirika ya ndege za bei nafuu yamejazana. Kila kilomita inayofupishwa huongeza watu wanaoweza kufika, na ile pwani iliyokuwa nafuu kwa sababu ilikuwa ngumu kufikika inapoteza sababu yake.

Serikali, kwa upande wake, haifichi kwamba haitaki kubaki na wageni wa leki 3,000. Sheria ya uwekezaji wa kimkakati ya mwaka 2015 ililenga miradi mikubwa. Mwaka 2024 bunge lilibadili sheria ya maeneo yaliyohifadhiwa kwa namna iliyofungua mlango wa hoteli za nyota tano ndani yake. Na kisiwa cha Sazan, kituo cha zamani cha jeshi kilicho mbele ya Vlorë, kimo kwenye mpango wa anasa wa Jared Kushner, mkwe wa Donald Trump. Mtu anaweza kuitetea sera hiyo. Wageni wachache wanaolipa sana huchafua kidogo kuliko wengi wanaolipa kidogo, na mji kama Ksamil, wenye mabomba yaliyopimwa kwa kijiji, unaonyesha waziwazi unavyoteseka Agosti. Lakini sikubali kwamba chaguo ni hizo mbili tu. Familia iliyopangisha vyumba vitatu kwa miaka ishirini ndiyo iliyoijengea pwani hiyo jina jipya, na katika mpango wa nyota tano nafasi iliyotengewa watoto wake ni ya kubeba mabegi. Hata hiyo huenda wasiipate, kwa kuwa vijana wengi wamekwisha kuondoka na baadhi ya hoteli zimeanza kuleta wafanyakazi kutoka Ufilipino na Bangladesh.

Hapo ndipo neno nafuu linapohitaji kuulizwa: kwa nani? Mshahara wa kima cha chini nchini humo ulipandishwa kuwa leki 40,000 kwa mwezi mwaka 2023. Vitanda viwili na mwavuli kwa siku tatu katika mstari wa mbele wa Ksamil vinaweza kula sehemu kubwa ya mshahara huo, kabla ya kulala wala kula. Ndiyo maana Waalbania wa Tirana wenye gari huendesha hadi Ugiriki kwa likizo, wakieleza, bila kuona kinaya chochote, kwamba kule ni rahisi zaidi.

Kwa Waswahili wanaoishi Ulaya, ambao ndio walioniuliza zaidi juu ya safari hii, yapo mambo madogo yenye uzito mfukoni. Albania haimo katika Umoja wa Ulaya wala eneo la Schengen, lakini imekuwa ikiwaruhusu wenye kibali cha ukaazi cha nchi za Schengen kuingia bila viza, na vilevile wenye viza ya Schengen ya kuingia mara nyingi iliyokwisha kutumika. Kanuni za namna hii hubadilika, kwa hiyo ubalozi uulizwe kabla ya tiketi kununuliwa. Na kwa kuwa nchi hiyo haimo katika Umoja wa Ulaya, laini ya simu ya Italia au Ujerumani hutoza huko kama nchi ya mbali, na rafiki yangu mmoja alilipia ramani ya kutafuta ufukwe bei kubwa kuliko ya ufukwe wenyewe. Noti zinahitajika, kwani nyumba nyingi za familia hazina mashine ya kadi, na mashine za benki hukata ada kwa kila mara unapotoa. Lugha haitakutupa: duka ni dyqan, hesabu ni hesap, saa ya ukutani ni sahat, maneno yaliyopita kwa Waturuki kama yetu yalivyopita kwa Waarabu.

Siku ya kuondoka Borsh nilisubiri furgon ya kurudi Sarandë chini ya mti, nikiwa na bibi mmoja aliyebeba kapu la komamanga. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Oktoba. Miavuli ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa kamba, na ng'ombe wawili walikuwa wakitembea kwenye kokoto palipokuwa mstari wa mbele. Dereva alifika, akazima injini, akangoja dakika arobaini gari lijae. Halikujaa. Akamsaidia bibi kupandisha kapu, akaliweka kwenye kiti cha mbele, na tukaondoka watatu.